Kiti Kilichosogezwa Shubiri Moja

Haya, wewe uliyekaa karibu na jiko, acha kuchezea hicho kijiko unijibu. Ndugu wawili weusi, sura moja, nguo moja, vifungo vya fedha toka shingoni hadi miguuni. Mmoja kamzidi mwenzake kimo kwa upana wa vidole viwili. Kinywa wanacho kimoja tu, wanaazimana. Huyu akisema, yule bubu. Ni nani hao?

Fikiri tu, mimi namenya viazi.

Umeshindwa? Basi nipe mji. Wala sitaki mji mkubwa, nipe huu huu wetu wa Erlgrün, na mnara wake mmoja wa kanisa, na karakana zake kumi na moja za ala za kupuliza, na okestra yake ya watu arobaini na mmoja ambayo kila mwaka mkoa unasema utaifunga na kila mwaka unasahau. Haya, mji nimeshauchukua. Jibu ni klarineti. Mpiga klarineti wa okestra huwa nazo mbili, ndefu na fupi, kwa sababu watunzi wa zamani walikuwa watu wa kujitafutia taabu: hapa wanataka ndefu, pale wanataka fupi, pengine wanakubadilishia katikati ya wimbo. Kinywa, yaani kile kipande cha juu chenye ulimi wa tete, kijiti bapa kinachotetemeka kikatoa sauti, ni kimoja. Unakichomoa huku, unakivika kule, unaendelea. Ukikosea, kila utakachopiga kitakuwa sahihi, ila nusu hatua pembeni ya watu wengine wote.

Haya sikuyasoma popote. Shule niliiacha nina miaka kumi na minne, nikaingia karakana ya Bwana Ficker kushona vile vifuniko vidogo vya ngozi vinavyoziba matundu ya klarineti. Macho yalipochoka nikapewa kantini ya okestra. Nina miaka thelathini na moja hapa nyuma ya dirisha la jikoni. Wananiita Bi Gundel, na mwanamuziki akitaka kulia, huja kulilia kwenye supu yangu.

Sasa, huyo aliyenileta kwenye kisa hiki ni mjukuu wangu Ricarda. Ana miaka ishirini na sita. Nafasi ya klarineti ya kwanza ilipokuwa wazi, walikuja kujaribiwa watu thelathini, kila mmoja akapiga nyuma ya pazia ili asijulikane ni nani. Wakamchagua namba kumi na tisa. Pazia likafunguliwa. Falk, yule kijana mrefu wa baragumu, akasema, "Jamani, tumemchagua mjukuu wa supu."

Lakini kuchaguliwa si kubaki. Kwetu mtu hupewa mwaka mmoja wa majaribio. Mwaka ukiisha, wenzake wanapiga kura hapa hapa kantini, kwa maharage. Kila mmoja anapewa harage jeupe na harage jeusi, anatumbukiza moja kwenye bakuli langu kubwa la supu, jingine analitia mfukoni. Wapiga kura ni arobaini. Mgeni akipata meupe ishirini na saba, amekuwa mtu wa Erlgrün mpaka apewe pensheni. Akipungukiwa hata moja, anafunga mizigo.

Na kabla ya maharage anaulizwa jirani wa kiti, yaani yule anayekaa bega kwa bega na mgeni. Anaulizwa kwa heshima tu, maana jirani huwa ameshajibu kitambo. Kwetu mtu akiona mgeni hafai, hasemi. Anasogeza kiti chake. Kidogo tu, lakini okestra nzima inaona, na tangu hapo inajua la kufanya na harage lake. Yule msichana wa zomari aliyekuja kabla ya Ricarda alisogezewa kiti siku moja ya Machi. Alipata meusi ishirini na tisa. Nilimfungia keki ya kula kwenye treni.

Jirani wa Ricarda ni Mzee Eckehard Lindig, klarineti ya pili. Ana miaka sitini na mitatu, yaani amebakiza miwili kufikia pensheni. Ni mtu wa kusema "Hm". Mkewe alipokuwa hai alikuwa akiniambia kuna "Hm" ya ndiyo, na "Hm" ya hapana, na "Hm" ya chumvi imezidi, na kwamba yeye baada ya miaka ishirini bado anazichanganya.

Siku ya kwanza Ricarda akaingia jukwaani na klarineti zake mbili kwapani, nywele kazichana vizuri. Akasema, "Habari za asubuhi, Mzee Lindig. Nimefurahi kukaa karibu nawe."

Mzee Lindig akamtazama. Akasimama, akashika kiti chake kwa mikono miwili, akakisogeza shubiri moja upande wa kulia, akakipinda kidogo, akakaa.

Okestra nzima iliona. Bi Roswitha wa ngoma za shaba, ambaye ndiye mwenyekiti wa wanamuziki, aliacha kukaza ngoma yake.

"Mbona umesogeza kiti, mzee?" Ricarda akauliza.

Mzee Lindig akatoa ulimi wa tete kwenye kijaluba, akautia mdomoni. Mwenye tete mdomoni hasemeshwi. Analowesha, dakika mbili tatu, ndipo apige. Ule wa Mzee Lindig uliloweshwa mwaka mzima.

Mchana huo Ricarda akaja jikoni, akakaa juu ya gunia la viazi.

"Bibi, yule mzee ananichukia."

"Lindig? Yule hata mvua haichukii."

"Kanisogezea kiti! Siku ya kwanza! Sijapiga hata noti moja!"

"Labda miguu yake mirefu."

"Bibi, mzee mwenyewe mfupi kuliko wewe."

Nikarudia viazi vyangu, maana ni kweli.

Nilijaribu mambo yangu. Mimi ni mtu wa kantini, sina silaha zaidi ya mwiko. Kila Alhamisi ni siku ya madonge ya viazi na nyama ya mchuzi, kila mtu madonge mawili. Mzee Lindig nikawa nampa matatu. Alikuwa akikaa meza ile ile ya pembeni, bega la kushoto limegusa ukuta, hataki mtu upande huo. Nikimwita kutoka jikoni hageuki, mpaka niende nimsimamie mbele. Nikadhani ni kiburi. Nikimsimamia mbele nauliza, "Mzee Lindig, hivi yule mtoto anapiga vizuri?"

"Hm."

"Hm ya vipi?"

Anatazama donge la tatu. Analila. Anafuta mdomo, anaondoka. Nilimlisha hivyo majuma arobaini na nne. Suruali zilimbana, jibu sikupata.

Mwaka ukapita namna hiyo. Ricarda alipiga vizuri, sisemi kwa sababu ni damu yangu. Mimi nimesikia klarineti nyingi nzuri na nyingi za kukimbiza paka. Lakini kila asubuhi alipofika, kiti cha jirani kilikuwa kule, shubiri moja, kimepinda. Mhudumu wa jukwaa alikuwa akikirudisha jioni. Asubuhi Mzee Lindig anakisogeza tena. Ricarda akaacha kuuliza. Akaanza kupiga kama mtu anayepita nje ya chumba cha mgonjwa.

Onyesho la mwisho kabla ya kura likaangukia Jumapili ya mwisho ya Novemba, saa kumi alasiri. Kura ingekuwa Jumatatu saa nne asubuhi. Na simfoni iliyochaguliwa ilikuwa ya Traugott Hempel, mtu wa mji wetu, aliyefariki mwaka 1871 kwa huzuni ya mapenzi na, kama daktari alivyoandika, kwa samaki. Hempel aliishi enzi zile watu walipokuwa wanazimia wakisoma barua. Na kwa kuwa mjini kwetu kila mtu anajua kupuliza na fidla hazina wenyewe, simfoni yake ni ya wapulizaji tangu mwanzo hadi mwisho. Wapiga fidla aliwaachia kazi ya kutetemeka.

Wiki hiyo mtambo wa kupasha ukumbi joto ukafa. Fundi alikuja Alhamisi, akaufungua, akautazama, akasema kipuri kitafika baada ya siku kumi na nne. Akanywa kahawa, akaenda. Basi Jumapili watu wa mji wakaja na makoti na mablanketi, meya na mkewe wakakaa safu ya mbele wamevaa kofia za sufi.

Baridi ni adui wa klarineti. Ile unayoipiga ina joto la pumzi yako, iko sawa. Ile inayongoja kwenye kigingi cha kuisimamishia sakafuni inapoa, na ikipoa sauti yake inashuka. Ukiichukua ghafla utasikika kama mtu aliyeamshwa.

Mimi huwa nasimama kwenye mlango wa pembeni wa jukwaa, na trei ya glasi za maji, natazama kwenye upenyo. Naona wapulizaji wote kama wako sebuleni kwangu. Mwendo wa kwanza, yaani sehemu ya kwanza ya simfoni, ukapita salama. Ukaja wa pili, wa polepole. Huo ndio watu walioufuata. Mwisho wake, baragumu nne zinanyamaza moja moja, kisha klarineti ya kwanza inabaki peke yake. Dakika mbili nzima, ukumbi wote, mtu mmoja. Wazee wa Erlgrün wanaujua kwa moyo. Walio wagonjwa wanaomba wapigiwe hospitali.

Mwendo huo unaanza na klarineti fupi. Ile sehemu ya peke yake inatakiwa ipigwe kwa ndefu.

Ricarda alikuwa na mapumziko marefu kabla ya sehemu hiyo. Akaiwazia baridi. Akafanya jambo la akili: akachomoa kinywa mapema, akakivika kwenye ile ndefu, akaipulizia pumzi polepole bila sauti, akaikumbatia chini ya kwapa kama kifaranga. Nilimwona nikasema moyoni, mtoto ana akili, amefanana na bibi yake.

Kisha akafunua ukurasa. Karatasi zetu za Hempel ni zile zile za tangu zamani, na juu ya ukurasa huo mpiga klarineti fulani aliyekwisha kufa ameandika kwa kalamu nyekundu, herufi kubwa: CHUKUA NYINGINE.

Na Ricarda, baada ya mwaka mzima wa kuogopa kukosea, akatii. Akachomoa kinywa kwenye ile ndefu. Akakivika kwenye fupi.

Niliona. Vifuniko vya klarineti ile nilivishona mimi, naijua kwa urefu hata gizani. Nikafungua mdomo. Ukweli ni kwamba mtu hawezi kupiga kelele katika Hempel. Baragumu ya kwanza ikanyamaza. Ya pili ikanyamaza. Falk alikuwa wa mwisho, amevimba mashavu, amebakiza noti tatu, na mjukuu wangu ameinua klarineti fupi mdomoni, mgongo umenyooka, yuko tayari kwenda kuangamia kwa adabu.

Mzee Lindig hakuwa akimwangalia mwongozaji. Wakati huo sikujua kwa nini, lakini mzee yule siku zote macho yake yalikuwa kwenye vidole vya Ricarda. Akanyoosha mkono. Akaichukua klarineti fupi mikononi mwa mtoto, kama unavyomnyang'anya mtoto mkasi. Akatoa yake ndefu ndani ya koti alimokuwa ameificha na baridi, ina kinywa chake juu na ulimi wake wa tete umeshalowa, akamwekea mikononi.

Lazima uelewe. Ulimi wa tete wa mtu haupigwi na mtu mwingine. Afadhali akuazime meno yake ya bandia. Ricarda akautazama. Falk akamaliza noti ya tatu.

Ricarda akautia mdomoni, akapiga.

Sitakueleza ulivyokuwa. Mke wa meya alivua kofia ya sufi, akaishika mapajani. Mtoto alipiga kama mtu ambaye jambo baya limeshatokea tayari, hana tena la kuogopa. Naye Mzee Lindig taratibu akachomoa kinywa cha Ricarda kwenye ile fupi, akakivika kwenye ndefu ya Ricarda, na zilipofika noti zake nne za kufungia mwendo akazipiga, akaifuta, akairudisha kwenye kigingi chake. Hakumtazama hata mara moja.

Mji ulipiga makofi mpaka ukapata joto. Mji haukuona kitu. Okestra iliona yote.

Baada ya onyesho kantini ilijaa, na mimi nagawa supu ya dengu, na masikio ninayo.

"Dada Ricarda," Falk akasema, "leo usipige mswaki. Hiyo bahati itatoka."

"Niache, Falk."

"Ladha yake ilikuwaje? Sema kweli."

"Soseji ya ini. Na kitunguu." Akanigeukia. "Bibi, unatia kitunguu kingi."

Watu wakacheka. Lakini kwenye meza ya wapiga basuni hawakucheka.

"Kachukua klarineti siyo," mmoja akasema. "Kwenye Hempel! Hapa!"

"Lakini kapiga vizuri."

"Kapiga vizuri kwa klarineti ya nani? Mzee kampokonya yake mbele ya meya. Mwaka mzima kamsogezea kiti, leo kamnyang'anya na ala yenyewe. Unataka akwambie kwa barua?"

"Hakumpokonya, kampa."

"Kampa nini? Mate?"

Mzee Lindig alikuwa kwenye meza yake ya pembeni, bega la kushoto ukutani, anakula. Kama alisikia hakuonyesha.

Jumatatu asubuhi nikapanga maharage. Arobaini meupe, arobaini meusi. Sitakudanganya, niliyashika yale meusi nikaitazama sufuria inayochemka. Nikayarudisha mezani. Mgeni haruhusiwi kuwamo ndani kura ikipigwa, basi Ricarda akakaa nami jikoni anamenya viazi. Dirisha la jikoni nililifunga. Halifungiki vizuri, nalo lina miaka.

Bi Roswitha akagonga meza kwa kijiko. Mpiga ngoma akigonga, watu hunyamaza.

"Ajenda ni moja. Ricarda Töpel, klarineti ya kwanza, mwaka wake umekwisha. Jirani wa kiti anaulizwa kwanza. Mzee Lindig, una neno?"

"Hm."

Mikono ikaanza kwenda kwenye maharage. Kwenye upenyo wa dirisha niliona vidole, na vidole vingi vilikuwa vimeshika jeusi. Ricarda hakutazama. Alikuwa ameshamenya kiazi mpaka kimekuwa kama karanga.

"Ngojeni," akasema Bi Roswitha. "Mimi nakaa nyuma yenu, nawaona wote migongo. Mwaka mzima nimeona kiti hiki kinasogezwa kila asubuhi. Yule mtoto alikuuliza siku ya kwanza, hukumjibu. Jana ukampa ulimi wako wa tete, kitu ambacho hukuwahi kumpa hata marehemu kaka yako, naye alikuwa mpiga klarineti. Mimi mambo haya mawili hayanikai kichwani pamoja. Kabla sijaweka harage langu nataka kujua. Mbona ulisogeza kiti?"

Mzee Lindig akatazama mezani. Hakuwa na tete mdomoni.

Hapo mimi nikakumbuka jambo la Walther wa trombone. Mwaka juzi Walther alilalamika masikio yake yanavuma. Jumanne wakampeleka kwa daktari wa okestra, Ijumaa akaachishwa kazi, nikamwokea keki ya kuagwa. Nikaikumbuka na ile meza ya pembeni, na lile bega la kushoto ukutani, na zile mara zote nilizomwita kutoka jikoni asigeuke. Nikaweka kisu chini.

Bi Roswitha akauliza tena, polepole, "Mzee, mbona ulisogeza kiti?"

Mzee Lindig akasimama. Akaongea kwa sauti kubwa mno kwa kantini ndogo, kama aongeavyo mtu asiyeisikia vizuri sauti yake mwenyewe.

"Sikio langu la kushoto limekufa," akasema. "Huu mwaka wa tatu. Na yeye kushoto ndiko anakokaa. Nikiwa karibu nasikia vidole vyake vikigonga vifuniko tu. Nikisogea shubiri moja na kugeuka, sauti inazunguka mbele, inaingia hili la kulia. Nilisogea ili nimsikie."